Bwana Shamba wa Hirbadaw



Kila msiba wa huku kwetu una karatasi yake. Sala zikiisha, kabla jeneza halijabebwa, husimama mtu mmoja wa ukoo au wa ofisini, akavaa miwani na kusoma historia fupi ya marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akathibitishwa kazini, akapanda daraja, akastaafu kwa mujibu wa sheria, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Dakika tatu au nne, karatasi imekunjwa, watu wanainuka.

Mwaka 2023, miezi michache kabla maporomoko ya Mlima Hanang hayajaleta msiba wa taifa zima pale Katesh, nilisikia karatasi ya namna hiyo ikisomwa Hirbadaw. Ilisema marehemu alikuwa Afisa Kilimo Msaidizi. Ilitaja barua ya ajira, ikataja barua ya kustaafu. Katikati ya barua hizo mbili kulikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kutembea kwa miguu, ya kugombana na kupatana na watu, ya mahindi yaliyostawi na mahindi yaliyokauka, na yote hayo hayakupata hata sentensi moja. Msomaji simlaumu. Ofisi ndivyo inavyomjua mtu. Lakini mtu huyo anastahili kusimuliwa upya, na jioni hii naomba nijaribu.

Jina lake nitalihifadhi. Hata alipokuwa hai waliolitumia walikuwa wachache. Aliitwa Bwana Shamba, mkewe akaitwa Mama Shamba, na watoto wao, ingawa daftari la mahudhurio lilikuwa na majina yao kamili, uwanjani walikuwa watoto wa Bwana Shamba, basi. Ukisema unakwenda kwa Bwana Shamba, kila mtu kuanzia mpakani mwa Mbulu hadi upande wa pili wa kata alijua unaelekea nyumba gani.

Kwa msikilizaji wa mbali ambaye hajafika, Hirbadaw iko wilaya ya Hanang, kwenye tambarare zinazopakana na Mbulu. Mvua kwetu ni msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, ikasuasua, ikakazana, mpaka Mei imekwisha, na kuanzia hapo ni upepo na vumbi. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunasa hata gari la tani saba, na ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi. Hapa wanaishi Wairaqw na Wabarbaig, na pembeni yao Wanyaturu na Wanyiramba. Mpaka mwaka 2002 sote tulikuwa mkoa wa Arusha kabla Manyara haijazaliwa. Kwa hiyo Bwana Shamba wetu, bila kuhamisha hata kinu cha mkewe, alitumikia mikoa miwili. Mihuri ilibadilika, mabuti yalibaki yale yale.

Alitoka Upare. Alisomea Tengeru, pale Arusha, akaja kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa kijana mwembamba mwenye baiskeli ya Phoenix na sanduku la bati. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya huyu ilikuwa ndefu. Hakujua Kiiraqw, hakujua Kibarbaig, na kazi aliyotumwa kuifanya ilikuwa imekwisha kuharibiwa jina kabla yeye hajafika.

Naomba nieleze hapo kidogo, maana vijana wengi wanadhani watu walimkataa mtaalamu kwa sababu ya ujinga. Haikuwa hivyo. Wazee wa Mbulu walikuwa na kumbukumbu ya Mpango wa Maendeleo ya Mbulu, ule wa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea miaka ya 1950. Serikali ya mkoloni iliamuru mifugo ipunguzwe na vichaka vya mbung'o vifyekwe. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa milimani watu na ng'ombe walikuwa wamebanana na ardhi ilikuwa inachoka. Lakini hoja ilikuja ikiwa amri, na nyuma ya amri kulikuwa na askari. Kwingineko Tanganyika hali ilikuwa mbaya zaidi. Kule Uluguru matuta ya lazima yalizaa ghasia mwaka 1955. Na jambo la kuudhi kuliko yote ni kwamba Wairaqw wa Irqwa Da'aw, kitovu chao kule milimani, walikuwa wakitia samadi mashambani na kuzuia maji yasikokote udongo tangu enzi za mababu. Mtu anakuja kukufundisha kazi unayoijua, tena kwa ukali! Wewe ungempokea vipi?

Uhuru ulipokuja, askari aliondoka lakini sauti ya amri ilibaki. Mei 1972, mkutano wa TANU uliofanyika Iringa ulitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Ukilisoma leo utaona ni mashauri mazuri tu: tayarisha shamba mapema, panda kwa nafasi, tia mbolea, palilia kwa wakati. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Operesheni Vijiji ikapita Hanang kama ilivyopita kwingine, ikiwahamisha hata Wabarbaig ambao maisha yao yote ni kufuata malisho. Ukame ukapiga, chakula kikapungua nchi nzima, na msimu wa 1974 na 1975 ukawa wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Mabwana shamba waligeuzwa wapimaji. Walitembea na kamba ndefu na daftari, wakipima kama kila kaya imelima ekari zilizoagizwa. Aliyepungukiwa alifikishwa kwenye baraza.

Bwana Shamba alifanya kazi hiyo. Simtetei, na yeye mwenyewe hakuwahi kujitetea. Alichosimulia uzeeni ni kwamba mwaka ule aliingia kila shamba la kata lakini hakumfundisha mtu yeyote kitu chochote. Watu walipoona baiskeli yake inakuja walipotelea vichakani, na aliyebaki nyumbani alijibu ndiyo bwana kwa kila swali.

Kilichombadilisha hakikutoka wizarani. Kilitoka jikoni.

Alikuwa ameoa, msichana wa Kiiraqw wa hapa hapa, na kwa ndoa ile akapata vitu viwili ambavyo chuo hakikumpa. Kwanza lugha. Wakwe hawazungumziwi kwa mkalimani, kwa hiyo ilimbidi ajifunze, na watu walimcheka mpaka alipojua. Pili alipata kipande cha shamba kando ya barabara ya kwenda kisimani, mahali ambapo kila mwanamke wa kijiji hupita asubuhi na jioni akiwa na ndoo kichwani. Akaacha kuitisha mikutano. Akalima.

Sasa hapa nikuonyeshe kamba nyingine. Hii haikuwa ya kupimia ekari za watu. Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, fundo moja kila sentimita 30. Mistari aliiachanisha kwa sentimita 75. Kila fundo linapogusa udongo, shimo moja, mbolea kidogo chini, udongo juu yake, kisha mbegu. Piga hesabu utapata mashina yapatayo 18,000 kwa ekari. Aliyezoea kutupa mbegu nyuma ya plau, mbili hapa, tano pale, aliona ni kazi ya kitoto, mtu mzima kuinama na kamba kama anapima kitambaa. Lakini palizi ya kwanza ilipofika, yule mwenye mistari alipitisha jembe haraka akamaliza, na jirani yake bado anatafuta mhindi uko wapi na gugu liko wapi. Wanawake waliopita na ndoo waliliona hilo kwa macho yao. Palizi ni kazi ya nani huku kwetu? Jibu unalijua, na ndiyo maana kamba ile ilienea kupitia kwa wanawake. Waume walifuata baadaye, wakidai walikuwa na mpango huo tangu zamani.

Waliomshikia kamba walikuwa watoto wake. Likizo ya Desemba, watoto wa watumishi wengine wanakwenda kwa bibi kula sikukuu, wao wako shambani, mmoja huku, mmoja kule, baba katikati na chepe. Siku ya maziko mwanawe mmoja alisema kwamba mpaka anaingia sekondari aliamini watoto wote duniani husherehekea Krismasi wakiwa wameshika kamba. Watu walicheka msibani. Ni vizuri kucheka msibani.

Mama Shamba naye hakuwa mtazamaji. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti walitoa maharage ya Lyamungu 85, makubwa, yenye madoadoa mekundu, na baadaye kituo cha utafiti cha Selian pale Arusha kikatoa mbegu zake, ikiwamo Selian 97. Karatasi za mbegu husema kilo ngapi kwa hekta na magonjwa gani inayahimili. Mama hakuwa na haja na hayo. Aliyapika maharage yenyewe. Aliangalia yanaiva kwa kuni ngapi, mchuzi wake unakuwa mzito au unabaki maji, na yakilala mpaka kesho yanachacha au hayachachi. Kisha alitoa hukumu, na mbegu aliyoikataa ilikuwa imekufa Hirbadaw hata kama imepita Bunge. Mume alijifunza kumwuliza kabla ya kuisambaza. Watafiti wenyewe walikuja kulijua jambo hilo baada ya miaka, wakaanza kuwaita akina mama kwenye majaribio ya mbegu wapike na waonje. Ni mabadiliko makubwa katika sayansi ya mbegu, na kwenye nyumba ile yalikuwa ni chakula cha jioni tu.

Kuna ubishi mmoja nataka niusimulie, kwa kuwa unaonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Mafundisho ya chuo wakati ule yalikuwa kwamba mahindi yasimame peke yake. Ukichanganya na maboga, maharage na mbaazi wewe ni mkulima wa kizamani. Alikwenda kwa bibi mmoja akamwambia ang'oe maboga.

"Mwanangu," bibi akamjibu, "mahindi yanakomaa mwezi wa saba. Boga lisipotambaa chini yake, wajukuu zangu watakula nini mwezi wa tatu?"

Hakuwa na jibu, na kwa hesabu yangu hapo ndipo alipoanza kuwa mtaalamu. Aliliacha boga la bibi, akaliacha na la kwake. Miaka baadaye ushauri rasmi uligeuka. Ukienda Babati leo utakuta mahindi na mbaazi ndiyo mtindo wenyewe, na wataalamu wanaeleza vizuri kabisa: mbaazi huenda polepole mwanzoni kwa hiyo haishindani na mhindi, mizizi yake inazama chini zaidi, majani yake yakipukutika yanarutubisha ardhi, na mahindi yakishavunwa yenyewe inabaki na shamba lote. Bibi hakuwa na maneno hayo, lakini shamba lake lilikuwa nayo.

Nisingependa uondoke ukidhani enzi zile zilikuwa za maboga na vicheko. Tambarare za Hanang zimebeba jambo zito, na bwana shamba yeyote aliyefanya kazi hapa aliishi ndani yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano, na shirika la Serikali la NAFCO likaja kumiliki mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Jumla yake ni kama ekari 100,000. Zilikuwa ndizo nyanda bora za malisho ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikawapa haki katikati ya miaka ya 1980, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Msaada wa Kanada ulikoma mwaka 1993, na baadaye sehemu ya ardhi ile ilirudishwa kwa wanavijiji.

Lakini kilichowachoma Wabarbaig kuliko nyasi ni makaburi. Mzee anayeheshimika kwao hujengewa bung'ed. Ni kilima cha udongo na miti kinachoinuliwa hatua kwa hatua kwa muda wa miezi, ukoo ukikusanyika, pombe ya asali ikinywewa, mpaka siku ya kukamilisha. Mahali pale huwa patakatifu. Matrekta ya ngano yalilima juu yake. Dereva aliona kichuguu, na mwenye kaburi alimwona baba yake. Malalamiko hayo yalifika mbali, mpaka Kanada kwenyewe.

Bwana Shamba hakuwa mtu wa NAFCO. Alikuwa mtu wa jembe na maksai, na ngano ile kubwa ilimpita juu kama ndege. Lakini alivaa sare ya Serikali ile ile, na Mbarbaig aliyepoteza malisho hakuwa na sababu ya kutofautisha idara. Alichofanya kilikuwa kidogo. Alipokwenda kumpimia mtu mistari ya kontua, makinga maji ya kuzuia mmomonyoko, kwanza aliuliza wazee wa jirani nani amelala wapi. Palipokuwa na bung'ed alipeleka mstari pembeni, hata kama kipimo kilisema upite katikati, akaacha nyasi zimee pande zote. Kontua zake nyingine zina kona ambayo hakuna kitabu cha hifadhi ya udongo kinachoifundisha. Mimi naziona kona zile kuwa kazi yake bora, ingawa hakuna fomu ya tathmini ya utumishi iliyokuwa na mstari wa kuziandika.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyompa heshima hata kwa wale waliomkwepa. Mdudu mpya alitokea upande wa Tabora, akasambaa nchini na magunia ya mahindi. Wataalamu walimwita dumuzi, wananchi wakamwita Scania, na nadhani jina la wananchi lilikuwa sahihi zaidi, maana alisafiri kwa malori na alibeba shehena. Alitoka Amerika ya Kati na huku hakuwa na adui wa kumpunguza. Familia iliyozoea kuhifadhi mahindi yakiwa na magunzi, darini au kwenye kihenge, ilifungua baada ya miezi mitatu ikakuta unga na maganda. Ushauri ulikuwa mmoja, na ulikwenda kinyume na mazoea ya watu: pukuchua, pepeta, changanya punje na dawa ya unga, ndipo uhifadhi. Kupukuchua mavuno yote kwa mara moja ni kazi nzito, na dawa ilikuwa ya kununua. Alizunguka nyumba kwa nyumba na karai na chepe, akichanganya mwenyewe, gunia baada ya gunia. Hapo ndipo watu walipoanza kumfuata wao.

Baadaye ukaja mfumo wa Benki ya Dunia, uliobuniwa na Daniel Benor, Mwisraeli, ambao kwetu ulianza kwa nguvu kuanzia mwaka 1989. Bwana shamba apewe mafunzo kila baada ya wiki mbili, awe na ratiba isiyobadilika, awafundishe wakulima wachache wa mfano, nao wawafundishe wenzao. Alipata pikipiki, akapata koti la mvua, akapata ratiba iliyochapwa. Kwa muda kazi ilinoga. Ila ratiba haikujua kwamba Jumatano ni mnada, wala kwamba mkulima wa mfano akipendelewa sana majirani humnunia. Mradi ulipofika mwisho, petroli nayo ikafika mwisho. Watumishi wa ugani wakahamishiwa halmashauri, na yeye akatoa ile Phoenix ghalani akaipaka grisi.

Mshahara? Tusiupambe. Kulikuwa na miezi ulikuja umechelewa mpaka unakutana na wa mwezi unaofuata. Ada za watoto zilitoka kwenye maharage ya mama na alizeti ya shamba lile la kisimani. Binti yao wa kwanza alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, baba alifunga tranka nyuma ya baiskeli na godoro juu ya tranka, binti akatembea pembeni, wakaenda hivyo mpaka barabara ya basi. Waliokuwa wanapalilia walisimama kuangalia, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kuona godoro likisafiri kwa ajili ya msichana. Msimu uliofuata mzee mmoja alimfuata na swali ambalo halikuhusu mbegu wala mbolea. Alitaka kujua fomu za shule huchukuliwa wapi.

Ndiyo maana nakataa kumgawa mtu huyu vipande viwili, mtumishi huku na baba wa familia kule, kama karatasi ya msibani ilivyofanya. Watu hawakuuamini ushauri wake kwa sababu ya cheti cha Tengeru. Waliuamini kwa sababu waliweza kuchungulia juu ya ua, wakaona anakula alichokipanda, mvua ikikataa anakosa kama wao, na mkewe hasemi jambo tofauti akiwa kisimani. Ushauri wa kilimo ni ahadi ya miezi saba. Anayekushauri Desemba sharti awepo Julai, umwonyeshe kilichotokea.

Na hapo ndipo nina neno na wakubwa zetu. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo, na kwa hilo nasema ahsante, maana tuliona mabwana shamba wakiomba lifti kwenye bodaboda za wakulima wanaokwenda kuwashauri. Lakini wakati huo idadi yao haikufika nusu ya waliohitajika nchini. Wengi wanahudumia vijiji kadhaa, wamepanga chumba mjini, na kabla hawajajua nani ni mkwe wa nani barua ya uhamisho imefika. Nyumba ya mtumishi kijijini na kipande cha ardhi cha kulima vina thamani sawa na pikipiki. Kwa maoni yangu vinaizidi, maana pikipiki inamrudisha mtu mjini jioni. Simu nayo inasaidia. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, picha zilisambaa haraka kuliko gari lolote la wizara. Ila ujumbe wa simu hauwezi kuulizwa Julai kwa nini ulisema vile Desemba.

Nimalizie na ombi, na ni la haraka.

Bwana Shamba alikuwa na kipimamvua uani kwake, na kila asubuhi ya msimu alisoma na kuandika kwenye kaunta buku. Tarehe, milimita, na pembeni neno moja au mawili: nani amepanda, mbegu gani, nini kimekula majani. Kaunta buku hizo zipo, zimefungwa kwa kamba ya katani, chini ya kitanda cha mjane wake. Panya wameshaanza na majalada. Ni kumbukumbu ya mvua ya Hirbadaw kwa miongo mitatu, iliyoandikwa na mtu mmoja, mahali pamoja, na wakati huu ambapo kila mkutano unazungumzia mabadiliko ya tabianchi sijui kama kuna ofisi wilayani yenye kitu kama hicho kwa kata yetu.

Nyumba kama hiyo haiko Hirbadaw peke yake. Dongobesh ipo, Basotu ipo, Haydom ipo, Endasak ipo, Karatu ipo. Mabwana shamba na mabibi shamba walioajiriwa miaka ile ya 1970 sasa ni wazee sana, au wamekwisha kutangulia. Kama baba yako au mama yako alikuwa mmoja wao, msikilizaji, fungua sanduku lake wiki hii. Yafunge madaftari kwenye mfuko wa nailoni panya wasiyafikie, yapige picha kwa simu yako ukurasa kwa ukurasa, na nakala uipeleke kwa afisa ugani wa kata yenu. Kama mzee bado yupo, kaa naye na kalamu kabla ya mvua za Novemba.

Na wewe kijana uliyepangiwa Hirbadaw juzi, ukiwa na pikipiki mpya na barua yako mkononi: karibu sana. Ukisharipoti kwa mtendaji, shika njia ya kisimani, nyumba yenye mbaazi uani. Msalimie mama shikamoo, mwambie wewe ndiye bwana shamba mpya, na umwombe akuonyeshe zile kaunta buku. Yupo, na anapokea wageni.